Makaa ya umma Marekani: wanagombea mrabaha, mnada wameusahau

Oktoba 2025 serikali ya Marekani iliweka mnadani tani milioni 167 hivi za makaa ya mawe huko Montana. Alijitokeza mnunuzi mmoja, kampuni inayomilikiwa na taifa la Wanavajo (wenyeji wa asili wa Marekani), akataja dola 186,000. Piga hesabu: haifiki hata senti moja kwa tani. Wizara ya Mambo ya Ndani (ambayo kule husimamia ardhi, si polisi) ikaikataa zabuni hiyo.

Takriban asilimia 40 ya makaa ya Marekani hutoka ardhi ya serikali kuu, mengi yakiwa bonde la Powder River, Wyoming na Montana. Sheria ya 1976 iliagiza yauzwe kwa ushindani na kwa bei halali ya soko, na mgodi wa wazi ulipe mrabaha (sehemu ya thamani ya makaa yanayochimbwa) usiopungua asilimia 12.5. Kwenye karatasi, safi kabisa.

Ila mwaka 1990 serikali iliacha kupanga yenyewe maeneo ya kuuza katika bonde hilo. Kampuni ndizo zikawa zinaomba. Na nani ataomba kipande fulani kama si yule ambaye mgodi wake umepakana nacho? Mashine anazo, reli inafika mlangoni. Mshindani wake itabidi aanze mgodi toka sifuri. Ndiyo maana wakaguzi wa Bunge waligundua mwaka 2013 kwamba kati ya maeneo 107 yaliyokodishwa tangu 1990, 96 yalikuwa na mzabuni mmoja tu. Huo ni mnada wa jina.

Ugunduzi huo uliwapa nguvu wanaotaka mageuzi. Januari 2016 waziri wa Mambo ya Ndani, Sally Jewell, alisimamisha ukodishaji mpya. Mwaka uliofuata mrithi wake, Ryan Zinke, akaufungulia. Mahakama ikarudisha zuio 2022, na ya rufaa ikaliondoa 2024. Sasa kibao kimegeuka kabisa: Julai 2025 mrabaha ulishushwa hadi asilimia 7, mpaka 2034.

Wachimbaji wana hoja, tena si nyepesi. Juu ya mrabaha kuna kodi ya jimbo, tozo ya kurekebisha migodi iliyotelekezwa na kodi ya mfuko wa wagonjwa wa mapafu. Makaa ya Powder River yana joto dogo na husafiri mbali, kiasi kwamba nauli ya treni inaweza kuzidi bei ya mzigo. Karibu nusu ya mrabaha hurudi jimboni, na Wyoming imejenga shule kwa fedha za zabuni za makaa. Wanaosema "yaacheni ardhini" kwa ajili ya tabianchi mara chache huwaeleza watu wa Gillette, mji wa migodi huko Wyoming, shule hizo zitajengwa na nini.

Lakini nafuu hii itamwokoa nani? Makaa hayo huuzwa kwenye dola 14 au 15 kwa tani, hivyo punguzo halifiki dola moja. Uzalishaji wa makaa Marekani umeshuka kwa zaidi ya nusu tangu 2008 kwa sababu ya gesi ya bei nafuu, kisha upepo na jua. Julai 2019 wafanyakazi wa migodi miwili karibu na Gillette walifungiwa milango kampuni yao ilipofilisika. Kilichowafungia ni madeni na soko. Wala makaa hayakuwa adimu: yaliyokwisha kukodishwa Wyoming yalikadiriwa kutosha hadi 2041.

Kupandisha mrabaha nako hakumleti mzabuni wa pili. Kwangu mimi mageuzi yangeanza na dhamana ya kurudisha ardhi katika hali yake. Sheria ya 1977 inaidai, lakini kwa miaka mingi kampuni kubwa ziliruhusiwa kujidhamini zenyewe, kwa ahadi tu, mpaka Alpha, Arch na Peabody zikaomba kinga ya ufilisi kati ya 2015 na 2016. Dhamana iwe fedha taslimu au bima, itolewe kabla ya jembe la kwanza. Pili, serikali itangaze mapema bei ya chini inayoitaka, badala ya kuificha na kusubiri mtu mmoja abahatishe. Kile kipande cha Montana kikirudishwa mnadani kesho, kitakuwa bado kimepakana na mgodi wa mzabuni yuleyule.