Maziwa hayafiki mapafuni

Leo asubuhi tumekaa masaa mawili tunakunywa chai huku mshahara unahesabika. Kisa? Mshale wa kipimo kwenye bomba la kuvuta vumbi umeshuka chini ya alama, bosi kazima randa na misumeno yote mpaka fundi aje. Nilikereka, maana nilikuwa na milango sita ya kumaliza. Hapa Uingereza mitambo hii lazima ikaguliwe angalau kila miezi 14, na hawana mzaha nayo.

Fundi kaja na taa kali, kaimulika kutokea upande wa pili wa mashine ya msasa. Lahaula! Hewa niliyodhani safi ilikuwa imejaa chembe zinaelea kama ukungu wa Lushoto. Hilo laini usiloliona ndilo linalozama kifuani.

Nikamkumbuka ami na karakana yake ya useremala, Ngamiani, kule Tanga. Siku ya kupiga msasa kabati la mvule tulikuwa tunatoka nyusi nyeupe, kamasi kahawia. Jioni anatoa hela: "Nendeni mkanywe maziwa, yasafishe kifua." Na sisi tunakunywa, tunajiona tumepona.

Maziwa, jamani! Maziwa yanakwenda tumboni, vumbi liko mapafuni, njia zimeachana kooni. Tangu 1995 wataalamu wa saratani walio chini ya WHO wameliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya vinavyosababisha saratani, ya pua hasa. Sisi bado tuko na glasi mkononi.

Haya, nawasikia: "Kaenda Ulaya juzi tu, leo vumbi la Tanga linamuwasha." Sikilizeni. Karakana nzima hii hakuna anayeweza kuchonga mlango wa nakshi bila kompyuta. Ami anachonga huku anabishana mpira. Ndiyo maana naumia: mikono ile, kifua kile.

"Hela ya mitambo itoke wapi?" Nani kataja mitambo? Domo la bomba likae palepale vumbi linapotoka, basi. Ukilisogeza mbali mara mbili, mvuto unabaki kama robo. Mafundi bati wetu wanaokunja majiko kutwa watashindwa kukunja faneli, bomba, na mwishoni gunia? Feni tunayo tayari, ila tunaiweka mgongoni kwa fundi imburudishe, vumbi lote linamwendea mama anayekaanga mihogo. Na msiniambie barakoa. Joto la Tanga la mwezi wa pili, nani ataivaa mpaka saa tisa? Sheria ya usalama na afya kazini nayo tunayo, ya 2003, naijua.

Jumapili nilimpigia ami, nikamwambia natuma hela ya bati na feni ya kuvuta, anipe tu vipimo vya meza. Akacheka, akakohoa, akacheka tena.

"Hela yote hiyo mwanangu, si bora ninunue ng'ombe?"

Vipimo bado hajatuma.