Tableti ya kwanza ya kuchorea: skrini ina thamani gani kwa mwenye laki mbili?

"Kaka, nina laki mbili. Ninunue tableti gani ya kuchorea?" Swali hili huletwa kwangu na vijana wanaotoka kwenye penseli na wino wakitaka kuingia kwenye uchoraji wa kidijitali. Zamani nilikuwa nawajibu papo hapo: nunua isiyo na skrini, anza kazi. Siku hizi nauliza kwanza, nyumbani una nini? Maana kwa shilingi laki mbili za Tanzania, kinachouzwa kwa jina la tableti ya kuchorea ni kibao cheusi cha plastiki chenye waya na kalamu. Hakionyeshi picha wala hakihifadhi kitu. Unachora juu yake, mstari unatokea kwenye kompyuta. Kijana asiye na kompyuta akikinunua bila kuambiwa hivyo, ameumizwa.

Mwenye laptopu, hata ya mtumba, kibao hiki kinamfaa kuliko watu wanavyodhani. Huion H640P ina eneo la kuchorea la sentimita 16 kwa 10, One by Wacom ndogo sentimita 15 kwa 9 na nusu. Yaani kama postikadi. Kampuni za XP-Pen na Gaomon nazo zina vya saizi hiyo. Nje vingi huuzwa kati ya dola 40 na 60, kabla ya usafiri na ushuru. Kalamu haina betri: kibao kinatoa mawimbi ya sumaku-umeme, koili (waya uliozungushwa) iliyo ndani ya kalamu inayajibu, na kibao kinajua ncha iko wapi na imekandamizwa kiasi gani. Umeme wenyewe kinaunyonya kidogo tu kutoka kwenye laptopu. Umeme wa mtaa ukikatika saa mbili usiku na kazi inatakiwa asubuhi, unaendelea kuchora mpaka chaji ya laptopu iishe.

Sasa tatizo lake, na ni tatizo la kweli. Mkono uko mezani, jicho liko kwenye skrini. Nimekaa pembeni ya kijana mwenye mkono mzuri kabisa kwenye karatasi nikamwona anaanza duara, analizungusha, na anapokuja kulifunga mstari unapita kando ya mwanzo wake kwa upana wa kidole. Anafuta, anarudia, unapita tena. Mara ya kumi anaweka kalamu chini na kuniambia amesahau kuchora. Hajasahau. Ni wiki kadhaa za kuzoea, na wapo wanaokata tamaa katikati. Mara nyingine kosa si lake kabisa: skrini ya laptopu ni pana kuliko umbo la kibao, na asipolinganisha vipimo kwenye mipangilio ya draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kukielewa kibao), kila duara linatoka limelala kama yai. Na mstari ukigoma kunenepa hata akikandamiza, kwenye Krita ya Windows, programu ya kuchorea, ajaribu kubadili kati ya WinTab na Windows Ink, njia mbili za kompyuta kupokea kalamu, kabla ya kuilaumu kalamu.

Wanaotetea tableti yenye skrini wanasema mateso haya hayana sababu. Wakati mwingine wenye kibao huwajibu kwa mfano wa Edward Said Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, vifaa vya bei ya chini kabisa, na jina lake likawa jina la sanaa nzima. Mfano mzuri, ila unakata pande zote mbili. Rangi yake ilikuwa rahisi, lakini jicho lake lilikuwa pale pale brashi inapogusa, na hicho ndicho kibao kinachomnyima mchoraji. Kwa hiyo siwezi kusema skrini ni anasa.

Ninachoweza kusema ni kwamba gharama yake haiishii kwenye bei ya dukani. Yenye skrini ya inchi 13 huanzia kama dola 200, na nyingi bado zinahitaji kompyuta. Laptopu iwe na tundu la kutolea picha la HDMI, au USB-C inayopitisha picha, na za mtumba nyingi hazina hiyo ya pili. Mara nyingi skrini nayo inataka umeme wake. Kijana anayejibana miezi minane ili aifikie, miezi hiyo minane hajachora kidijitali hata mstari mmoja. Mwenzake wa kibao kidogo ameshavuka kipindi cha duara lisilofunga.

Ambaye hana kompyuta ndiye anayenipa kazi ya kufikiri. Vibao vingi hukubali simu ya Android kwa adapta ya OTG (kiunganishi kidogo cha kuchomeka vifaa vya USB kwenye simu), lakini simu ikisimama wima, kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya kibao inayofanya kazi. Huyu simwambii anunue kibao. Bora aanze na ibisPaint, programu ya kuchorea, kwenye simu aliyonayo, kwa kidole, huku akiweka akiba ya tableti iliyotumika yenye kalamu halisi. Galaxy Tab S6 Lite ya Samsung, kwa mfano, iliuzwa na kalamu yake ndani ya boksi, nayo haina betri na inahisi mkandamizo. Kwa iPad kalamu inauzwa peke yake, hesabu hiyo iingie mapema. Kalamu za ncha ya mpira zinazouzwa bei ya chai hazihisi mkandamizo wowote. Zinafanya kazi ya kidole.

Wauzaji watakutajia ngazi za mkandamizo, yaani hatua ngapi za nguvu ya mkono kibao kinatofautisha, 2048 dhidi ya 8192. Kwa mkono wa anayeanza hutaona tofauti, usiongezee pesa hapo. Penye kuangalia ni kalamu. Kijana mmoja aliniletea kibao cha mtumba cha bei nzuri sana, muuzaji amempa na kalamu ya kampuni nyingine. Kilikuwa kizima, ila kalamu ile hakikuitambua kabisa. Basi nenda dukani na laptopu yako. Chomeka, weka draiva, fungua Krita, ambayo ni ya bure, na uvute mstari mmoja mrefu kutoka kugusa kidogo hadi kukandamiza. Mstari ukianza mwembamba na kunenepa bila kukatika, lipa.