Mzee, Hilo Si Shati la Kufua

Nianze na kola, maana nikianzia pengine nitatukana, na mimi ni mhazini msaidizi wa mtaa kanisani.

Kola ya shati langu jipya imeota matuta. Ndani ya kola kuna kile kitambaa kigumu kinachobandikwa kwa gundi ili isimame. Gundi imekutana na maji, wakashindwana. Cha ndani kimeshika njia yake, cha nje ya kwake, mimi nimeachiwa uvimbe shingoni. Kifungo cha pili kutoka juu kiling'oka chenyewe ndani ya beseni, sijakigusa, na mashahidi ninao. Rangi ndiyo usiseme. Ilikuwa bluu iliyokolea, bluu ya afisa. Sasa hivi imehamia kwenye soksi za shule za mwanangu. Na tumefua kwa maji haya haya ya Arusha yaliyotupaka meno rangi ya chai tungali watoto, wala haijachuja mpaka leo. Meno yameshika, shati limeachia.

Sh 25,000 hiyo. Nililivaa kwenye kipaimara cha mpwa wangu, nikapiga picha, nikala pilau kwa uangalifu mkubwa, basi.

Nikalikunja, nikalitia mfukoni, nikapanda kifodi cha kwenda Kilombero kudai haki. Habari za kubanana humo ndani hazina jipya. Ila muziki! Tangu Sakina mpaka stendi ulipigwa wimbo mmoja, au labda nyimbo sita, siwezi kuapa, kwa sababu hazina pa kuanzia wala pa kuishia. Anaingia mtu analia "beibe", sauti imepitishwa kwenye mashine mpaka inateleza, ngoma inadunda, ghafla kimya, unadhani wimbo umekatika kumbe umekwisha. Nikamwomba konda apunguze kidogo. Akaniambia, "Mzee, spika ni za bosi." Hilo nalo jibu.

Kibanda cha yule kijana kina sabufa kubwa kuliko kaunta. Aliponiona kwa mbali alianza na zile za kwao, "Karibu mshua wangu, pita ndani, vyuma vipya vimeingia!" Akauona mfuko. Akaona jinsi nilivyoubeba. Uso ukabadilika, akashusha mabega, akasema kwa adabu, "Shikamoo baba."

Chalii wa Arusha akikupa shikamoo pasipo kulazimishwa, elewa kwamba hela yako hairudi.

"Marahaba. Nimekuletea mgonjwa," nikasema, nikalitandaza shati juu ya kaunta, kola juu, ili matuta yaonekane na kila mwenye macho.

Akalitazama. Akaligeuza. Akauliza kwa sauti ya daktari, "Ulilifanyaje?"

"Nimelifua."

Akanyamaza. Akamgeukia mwenzake aliyekuwa anakunja jinzi pembeni. "Kalifua."

"Kalifua?" Mwenzake akaacha jinzi.

"Nimelifua," nikasema. "Nguo huwa zinafuliwa. Nimezaliwa nimekuta zinafuliwa."

"Sikiliza, baba," kijana akaweka mkono kifuani. "Hilo si shati la kufua."

"Ni shati la nini?"

"La kutokea. Unatokea nalo, unapiga picha zako, unalipumzisha."

"Linapumzika mpaka lini?"

"Mpaka shughuli nyingine."

"Na jasho la shughuli ya kwanza?"

"Pafyumu, baba."

Hapo nikainua sauti kidogo, nakiri, na Kilombero ukiinua sauti kidogo umeitisha mkutano. Mama wa ndizi mbivu akaacha beseni lake akaja. Wa boda wawili wakaegesha. Akaja na mzee mmoja wa Kimeru mwenye fimbo, ambaye mpaka tunaachana sikujua alikuwa upande wa nani. Shati likapita mkono kwa mkono.

"Ulilianika juani?" akauliza mama wa ndizi.

"Juani, ndiyo. Nilianike wapi, kwenye friji?"

"Aaa. Hapo ndipo ulipokosea, baba."

"Sabuni gani?" akaingilia wa boda.

"Ya mche."

"Ya mche ndiyo imeliua. Ungetumia ya unga."

"Ya unga?" Mama wa ndizi akamgeukia. "Wewe mtoto umefua nguo lini? Ya unga ndiyo inakula rangi! Ya mche haina neno."

"Mimi zangu natumia shampuu," akasema wa boda wa pili, mtu ambaye fulana yake haikuonekana kuwa na kumbukumbu ya maji ya aina yoyote.

Dakika chache baadaye kesi yangu ilikuwa imefutwa kimyakimya na mahali pake imefunguliwa kesi ya sabuni. Mimi mlalamikaji nimesimama pembeni nimeshika mfuko mtupu. Mzee wa fimbo akasema zamani watu walifulia majivu. Hakuna aliyemjibu.

Kijana, kuona watu wamemsahau, akapata moyo. Akataka kunionyesha shati ni imara. "Tazama, baba, kitambaa hakina shida. Huu uzi tu umezidi hapa kwapani, ngoja nikutolee." Akaushika uzi. Akauvuta.

Mnajua gunia la unga linavyofunguliwa? Ukiupata uzi wenyewe, upande wenyewe, unavuta mara moja na mdomo wote unaachia, krrrr, mpaka mwisho. Gunia limeshonwa vile makusudi, uzi mmoja unaojipitisha ndani ya kitanzi chake mwenyewe, kwa sababu siku moja lazima lifunguliwe. Sasa huo ndio mshono uliokuwa kwenye ubavu wangu. Cherehani ya kawaida ina nyuzi mbili, wa juu wa sindano na wa chini wa bobini, zinakabana katikati ya kitambaa. Ukikata mmoja mwingine bado umeshika. Huu wangu ulikuwa wa gunia. Ulifunguka kutoka kwapani mpaka kiunoni, kwa furaha kabisa, na kijana akabaki na uzi mrefu umemzunguka vidole.

Watu wote wakanyamaza, kasoro sabufa.

"Sasa hivi litaingiza hewa vizuri," akasema.

Nilitaka kusema neno la kumfaa, neno la mtu mzima, na sikulipata, kwa sababu sabufa ilikuwa inanipigia "beibe" sikioni. Ule wimbo wa kwenye kifodi! Nikauliza, ili angalau niondoke na kitu, huu wimbo ni wa nani.

"Ah, huo wa zamani, baba. Sijui hata kwa nini bado upo humu."

"Wa zamani wa lini?"

"Wa Pasaka."

"Pasaka ya mwaka huu?"

"Eeh. Ulivuma sana enzi zake."

Enzi zake! Nikaondoka. Alinifuata nyuma akinipunguzia lingine mpaka Sh 20,000, na niligeuka kulitazama, mimi ni binadamu. Lilikuwa na kola ileile.

Mtasema, si ungenunua mtumba? Ninyi mnaongea ya zamani. Ile kafa Ulaya tuliyoijua, iliyoanza kumiminika baada ya mipaka kulegezwa miaka ya 1980, mzungu alikuwa ameivaa, kaifua, kaipiga pasi, kazeeka nayo, na bado ikaja huku ikasomesha watoto wetu. Nilikuwa na koti la soko la mitumba la Memorial, Moshi, lililonipita mimi likaenda kwa mdogo wangu, likaenda kwa shamba boi, na nasikia lipo Usangi linavaliwa kwenda msibani. Siku hizi belo likifunguliwa unakuta yaleyale ya dukani, mepesi, yamevaliwa jioni moja huko kwao, mengine yana bei bado imening'inia. Yaani mzungu mwenyewe amelikataa kabla hajalivaa, sisi ndio tunagombania. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba ikome ifikapo 2019. Haikukoma. Kilichokoma ni ubora.

Na usiniambie vaa cha nyumbani. Nilikivaa. Viwanda vya nguo tulikuwa navyo, hapahapa Arusha Kiltex, Mwanza Mwatex, Musoma Mutex, Dar Urafiki, na kitambaa ulipanga foleni kukipata, ukikipata unamkabidhi fundi kwa maelekezo ya kutosha kujengea daraja. Marehemu baba aliacha Kaunda suti ya rangi ya kahawia. Mkunjo wa suruali bado unasimama. Ukiiangusha inatua kwa miguu.

Nilimwambia hayo fundi wangu wa Ngarenaro, nikitegemea anifariji. Akalitazama shati, akasema hashoni, maana sindano ikipita hakuna kitu cha kushika. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba Kaunda ya baba ni tetroni, na tetroni nayo ni poliesta, inatokana na mafuta ya petroli, kama shati lako tu.

Nikamwambia si kama shati langu. Ile ilikuwa plastiki yenye malezi. Iliwekwa ya kutosha, ikafumwa ikabanana, ikashonwa na mtu aliyeweka akiba ya kitambaa kwenye pindo ili mtoto akirefuka. Leo nani anaweka akiba kwenye pindo? Fungua pindo la suruali yako hapo ulipo. Hakuna kitu. Wanajua hutarefuka nayo.

Fundi akasema ana kazi nyingi.

Mpwa wangu, siyo wa kipaimara, huyu mwingine anayejiita prodyuza, ana chumba chenye maturubali ukutani na kompyuta ya mkopo. Nilimuuliza kwa nini nyimbo zao hazina mwanzo. Akanijibu kwa utulivu kabisa. Kwenye Spotify, anasema, mtu akisikiliza sekunde 30 umeshahesabiwa. Akiruka kabla ya hapo, umekula hasara. Kwa hiyo kiitikio lazima kiwahi mlangoni kumkamata shati.

Sekunde 30! Kwa sekunde 30 bendi ya Mlimani Park ilikuwa bado gitaa la kwanza linamsalimia gitaa la pili. Halafu solo halijasema kitu. Halafu ndipo anaingia mwimbaji na kisa chake, kuna mke, kuna shemeji, kuna barua, na wewe umekaa unataka kujua ilikuwaje, na kisa kikiisha ndipo mapigo yanabadilika, tarumbeta zinaingia, mtu anainuka kitini. Kwenye sahani ya santuri wimbo haukutosha. Ulikatwa katikati, unasikiliza upande wa kwanza, unanyanyuka, unageuza. Watu waligeuza! Mbaraka Mwinshehe amefariki mwaka 1979 na mpaka leo akipigwa baa ya Kaloleni kuna mtu anaweka chupa chini ili asikilize vizuri. Msondo wameanza 1964 wakiitwa NUTA Jazz, wakaja kuwa JUWATA, wakawa OTTU, wamebadilishiwa majina kila chama cha wafanyakazi kilipobadilika na bado unawatambua kwa tarumbeta.

Mpwa akasikiliza yote hayo. Akaniuliza, "Mjomba, nikuchukulie hiyo tarumbeta niikate vipande?"

Nikamwambia achukue. Ningefanya nini? Ukimzuia anaichukua usiku.

Halafu mwavuli. Mvua za hapa zinajulikana, zile za Meru ambazo hazinyeshi, zinakutafuna tu kutwa nzima. Nimenunua mwavuli pale Mnara wa Saa, upepo wa kwanza umegeuka bakuli. Chupa ya chai imekataa kutunza moto, kifuniko kinalegea, wanangu wanasema ninunue nyingine tu, ni bei rahisi. Kila kitu ni bei rahisi. Ndiyo maana sina hela.

Na sasa simu haiachi kulia. Nimeingizwa kwenye kundi la harusi ya mtoto wa shemeji, Machame. Sijaombwa, nimeingizwa, na tayari nimeandikiwa ahadi ya Sh 100,000 ambayo sikumbuki kuitamka. Sare ya wanaume imeshapitishwa kikaoni: shati la rangi ya pichi ya kuiva, linunuliwe kwa mwenyekiti, hakuna kupunguziwa. Nimeuliza kwa heshima pichi ya kuiva ndiyo rangi gani hasa. Wamenijibu kwa picha, kila mtu na yake, na hakuna mbili zinazofanana. Mmoja katuma parachichi.