Piano ya Berlin na fidla ya baba mdogo

Hapa Berlin, saa nne ya usiku ikiingia, jengo zima linanyamaza. Buruza kiti tu, kesho jirani yuko mlangoni. Mimi niliyekulia Unguja, kwenye uchochoro ambao harusi ya mmoja inakesheza mtaa mzima, nilipata tabu sana. Nikaja kuupenda ukimya huu kwa sababu ya mpiga piano mmoja, Nils Frahm.

Frahm kazaliwa Hamburg mwaka 1982, kafunzwa piano tangu utotoni, kisha akahamia huku. Alitaka kupiga usiku bila kuwaudhi majirani, basi akatia kitambaa kizito cha sufu kwenye nyuzi za piano na kuzisogeza maikrofoni karibu kabisa. Ndiyo albamu yake ya Felt, ya 2011. Unasikia vinyundo vikigusa, mbao zikilia, hata pumzi ya mpigaji. Mwaka uliofuata alivunjika kidole gumba. Akarekodi vipande tisa kwa vidole tisa.

Jukwaani piano na sinthesaiza za zamani, yaani vinanda vya umeme, zimemzunguka, mkono huu huku, ule kule. Mashine haikuifukuza piano, na hapo ndipo roho inaponiuma. Kwetu kinanda cha umeme kilipoingia kwenye taarabu, fidla, ganuni na udi viliwekwa kando katika harusi nyingi. Watu husema vijana ndio walivyotaka. Sikubali. Ni hesabu ya mwenye shughuli: kundi zima lataka nauli, chakula na ujira wa kila mtu, mpiga kinanda anakuja na mwimbaji na spika mbili. Baba yangu mdogo alikuwa mpiga fidla. Fidla yake inaning'inia ukutani juu ya kabati la vyombo, nyuzi mbili zimekatika, na madukani kwetu hazipatikani.

Ujerumani tangu 1983 ipo bima ya wasanii wanaojitegemea. Msanii analipa nusu ya mchango wa matibabu na pensheni. Asilimia 30 inatoka kwa kampuni zinazotumia kazi za wasanii, 20 serikalini. Kwa mpango huo mtu anaweza kushughulika na piano moja miaka mingi bila kuogopa kuugua. Na kumbi hawazivunji: Frahm alirekodi All Melody, ya 2018, katika jumba la iliyokuwa redio ya Ujerumani Mashariki. Nchi ile haipo tena, ukumbi upo.

Kitu kimoja tu kwao sijakizoea. Watu wanakaa kama wako msibani mpaka kipande kiishe. Kwetu wimbo ukikugusa unainuka, unakwenda mbele ukicheza polepole, unamtunza mwimbaji, na yeye anakuona uso kwa uso. Hilo Berlin yote sijaliona.

Mpwa wangu kaanza kujifunza fidla pale Unguja kwenye chuo cha muziki wa nchi za jahazi, kilichoanzishwa 2002. Juzi kanipigia simu: anaitaka ile ya ukutani. Mwezi wa saba nakwenda, na seti tatu za nyuzi ziko kwenye begi tayari.