Sufu ya yaki si ya kila sweta

Juni ikikaribia, wafumaji wa Nairobi huanza kuulizana msimu huu wanunue uzi gani, na siku hizi jina la yaki halikosi kutajwa. Wanaoisifu sufu yake wanasema ni laini kama kashimiri, ile sufu nyororo ya mbuzi, ina joto kuliko sufu ya kondoo, na haiharibu malisho. Nakubaliana nao kwa kiasi kikubwa. Ninachokipinga ni hatua inayofuata: kwamba basi tuifumie kila kitu.

Yaki ni ng'ombe wa nyanda za juu za Asia. Wengi wako China, hasa uwanda wa Tibet, na wengine wako Mongolia na Nepal. Kwa kawaida anaishi kwenye mwinuko wa mita 3,000 na zaidi, kwa hiyo ana manyoya ya tabaka mbili. Zile singa ngumu za juu wafugaji huzisokota kamba na kuzifumia mahema. Chini yake kuna sufu laini inayoota kabla ya majira ya baridi na kuachia yenyewe baridi inapoisha, na hapo ndipo mfugaji huichana kwa mkono. Ile laini hasa, ikishatengwa na singa, huhesabiwa kwa gramu kwa kila mnyama, si kwa kilo. Bei yake inaanzia hapo.

Kuhusu ulaini hakuna ubishi. Sufu hiyo ina unene wa takriban mikroni 16 hadi 20 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), karibu sawa na kashimiri. Kondoo wa Corriedale tunaowafuga Molo na Nyandarua hutoa sufu ya mikroni 25 hadi 30 hivi, na shingo huanza kuwashwa nyuzi zikizidi 30. Tena yaki hana mafuta mengi ya manyoya kama kondoo, kwa hiyo shali yake ikinyeshewa hainuki zizi.

Kuhusu joto, mjadala wa Nairobi huwa unakosea mahali pa kutazama. Sisi hatuishi Tibet. Julai kunaweza kuwa na digrii 12 alfajiri, au chini ya hapo, na saa nane mchana zikapita 20. Mtu anayepanda matatu Rongai saa kumi na moja alfajiri anahitaji nguo itakayomkinga kituoni bila kumchemsha akishakaa ndani ya gari lililofungwa madirisha. Hapo nyuzi za wanyama zinaishinda akriliki, uzi wa kiwandani, waziwazi, kwa sababu hunyonya jasho na kuliachia polepole, ilhali akriliki hulibakiza mwilini na kushika harufu. Lakini sifa hiyo ni ya merino pia, kondoo wa sufu laini, na ya kondoo wa Molo. Yaki anachoongeza ni wepesi: joto lilelile kwa nguo isiyolemea mabega.

Sasa upande wa pili, ambao wauzaji huupita haraka. Nyuzi za yaki ni fupi, sentimita 3 hadi 5 hivi, na hazina ule mnepo wa sufu ya kondoo wa kurudi mahali pake zikivutwa. Nilimpelekea uzi wa yaki mtupu fundi mmoja anayefuma sweta kwa mashine ya mkono. Uzi ulikatika kwenye ndoano za mashine, akalegeza, ukakatika tena. Mwishowe aliuunganisha na uzi wa kondoo, zikaenda nyuzi mbili pamoja bila shida. Kile kipande alichofuma nikakivuta pande zote mbili: sehemu ya uzi mchanganyiko ilirudi, ile ya yaki peke yake ikabaki imelegea. Hebu fikiria hiyo ndiyo mipindo ya mikono ya sweta inayovaliwa kila siku. Kwapani na pale mkanda wa begi unaposugua, vijidonge vya sufu hutokea mapema.

Kuna na rangi. Yaki wengi ni weusi au kahawia iliyokolea, na weupe ni wachache. Ukitaka rangi ya kung'aa ni lazima uichubue sufu kwanza kwa dawa, na dawa hizo huidhoofisha. Mafundi wetu wengi wanaishi kwa sweta za shule, nyekundu, kijani, samawati, ambazo watoto hugaragara nazo uwanjani na wazazi huzifua kwa nguvu na kuzianika kwenye kamba. Yaki haihimili hayo. Ukiifua kwa maji moto inasinyaa, na ukiianika ikiwa imeloa inarefuka.

Hata hoja ya malisho ina pande mbili. Ni kweli kwamba Mongolia mbuzi wa kashimiri waliongezeka mno baada ya 1990 na nyasi zikaumia. Yaki hufugwa kwanza kwa maziwa, nyama na kubeba mizigo, na hata samadi yake hukaushwa ikawa kuni, kwa hiyo kununua sufu yake humwongezea mfugaji kipato bila kumlazimu kuongeza mifugo. Karakana ya Norlha, iliyoanza 2007 katika kijiji cha Ritoma mkoani Gansu, hufuma palepale kwa wafugaji ili fedha zibaki kijijini. Naiheshimu sana kazi hiyo. Ila mtu wa Nairobi anayenunua kwa ajili ya mazingira ajue kwamba uzi huo umevuka bahari, na kwamba kwenye soko la mitumba la Gikomba kila wiki marobota yanafunguliwa yenye sweta za merino, na mara nyingine za kashimiri, zinazoweza kufumuliwa na uzi wake kufumwa upya. Na kinachoniuma zaidi ni mfugaji wa Nyandarua anayekata manyoya ya kondoo wake na kukosa mnunuzi wa maana.

Kwa hiyo yaki mtupu ningeiwekea shali, skafu na kofia za watoto wachanga, vitu vinavyogusa ngozi na visivyosuguliwa sana. Soksi, hapana, labda ikiwa na nailoni ndani. Kwa sweta ningechukua sehemu moja ya yaki kwa mbili za sufu ya kondoo wa hapa, iliyochambuliwa ikatolewa ile ngumu, na mipindo ya mikono na kiuno ningeifuma kwa sufu ya kondoo peke yake.