Kengele ya Hatari Isingoje Kikao

Shule na ofisi zinazidi kuuziwa mifumo ya tahadhari ya kompyuta. Mtu anabonyeza kitufe kimoja, skrini zote zinajaa ujumbe mwekundu, simu zinaingia SMS, vipaza sauti vinatangaza. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Kinachonikera ni kwamba mnunuzi huuliza bei kwanza, na swali la nani anaruhusiwa kubonyeza huja mwisho kabisa. Jibu lenyewe huwa "mkuu".

Tazama yaliyotokea chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, tarehe 16 Aprili 2007. Watu wawili walipigwa risasi bwenini yapata saa moja na robo asubuhi. Wakubwa wa chuo wakakaa kikao. Barua pepe ya kwanza ya kuwatahadharisha wanafunzi ilitoka saa tatu na dakika 26. Robo saa baadaye muuaji alikuwa ameingia jengo la madarasa, na huko akaua watu 30. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa polisi wa chuo, waliokuwa wa kwanza kufika bwenini, hawakuwa na uwezo wa kutuma ujumbe huo wenyewe. Mitambo ilikuwepo, walioona hatari walikuwepo, ila ruhusa ilikuwa kwa watu wengine.

Sasa lete jambo hili nyumbani Kenya, kwenye shule za bweni. Mwanafunzi haruhusiwi simu, kwa hiyo SMS itamwendea mwalimu aliyelala nyumbani kwake huku moto ukiwaka kwa watoto. Kyanguli, Machi 2001, wavulana 67 waliteketea usiku. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2024, Hillside Endarasha, Nyeri, tukazika 21 wengine, watoto wa shule ya msingi. Mfumo wa maana kwa shule kama hizo ni kifaa cha kugundua moshi kilichounganishwa moja kwa moja na king'ora ndani ya bweni, chenye betri yake, kwa sababu stima hupotea. Kisiombe ruhusa ya mtu yeyote. Na matroni, bawabu, hata kiranja wa bweni, kila mmoja awe na kitufe chake.

Mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008 umeshasema madirisha ya bweni yasiwe na vyuma na milango ifunguke kwa nje. Hilo litangulie kompyuta. King'ora kikilia kwenye bweni lililozibwa kwa nondo, kinamwamsha mtoto asiye na pa kutokea.

Wakuu wengi huogopa taharuki ya kengele ya bure, na siwalaumu. Novemba 2015, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kilifanya zoezi la kukabili shambulizi. Wengi walidhani ni kweli, wakaruka kutoka ghorofani, mfanyakazi mmoja akafariki na makumi wakaumia. Ilikuwa mwaka uleule wa shambulizi la magaidi kwenye Chuo Kikuu cha Garissa, watu bado wana majeraha moyoni. Lakini dawa ya hilo ni mazoezi yanayotangazwa mapema, muhula baada ya muhula, hadi mtoto ajue mlango wake hata gizani. Kukificha kitufe kwenye ofisi ya mkuu hakumzoeshi mtu chochote.

Wazazi, mkiitwa mkutano wa shule, ulizeni hivi: saa nane usiku, mwalimu mkuu akiwa safarini na stima imepotea, nani atabonyeza, na nini kitalia?