Waraka Usiopatikana Saa Nane za Usiku

Ninasimamia mifumo ya kompyuta katika ofisi moja hapa Tanga, na kwa miaka kadhaa niliamini kwamba tatizo la nyaraka zetu za kiufundi ni uchache wake. Siamini hivyo tena. Nyaraka tunazo, kinachotushinda ni kuzipata, na kushindwa huko huanza siku ya kuandika, muda mrefu kabla mtu hajaanza kutafuta.

Usiku mmoja wa masika, saa nane, seva ya barua pepe iligoma kupokea ujumbe. Skrini ilisema kwamba diski haina nafasi, ilhali amri ya df ilionyesha kuwa karibu nusu ya diski ilikuwa tupu. Nilitafuta maneno "diski imejaa" katika folda zetu zote nisipate kitu. Kulipokucha nilimpigia simu mzee aliyenitangulia katika kazi hii, ambaye sasa amestaafu na anaishi Pongwe. Nilipomaliza kumwamkia na kumweleza, akaniambia, "Mwanangu, hilo mbona nililiandika? Tazama inodi." Na kweli alikuwa ameliandika, tena kwa ufasaha: katika ext4, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, kila faili huhitaji inodi yake, yaani rekodi ndogo inayotunza taarifa za faili hilo, idadi ya inodi huwekwa wakati diski inapoandaliwa, na mamilioni ya faili ndogondogo yanaweza kuzimaliza zote wakati nafasi yenyewe bado ipo, jambo ambalo df -i hulionyesha mara moja. Waraka wake ulikuwa na kichwa kisemacho "Matengenezo ya Mfumo wa Barua, Awamu ya Pili".

Kichwa hicho kilikuwa sahihi kwa mzee, kwa kuwa kilitaja kazi aliyokuwa akiifanya siku ile. Kwangu mimi kilikuwa mlango usio na kitasa, kwa sababu hakikutaja hata neno moja la shida niliyokuwa nayo.

Anayeijua Ngamiani, eneo la hapa Tanga, ataelewa ninachokisema. Barabara zake zina namba, na ukiambiwa Barabara ya 8 utafika bila kumsumbua mtu. Lakini mgeni anayemtafuta fundi wa redio hasaidiwi na namba, kwa kuwa anachokijua ni haja yake tu, wala hajui haja hiyo inakaa barabara ya ngapi. Folda zetu tumezipanga kama Ngamiani, kwa mifumo, kwa idara na kwa miaka, na mpangilio huo unamfaa yule tu anayejua tayari aendako. Anayeamshwa usiku ni yule mgeni.

Waliotunga Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, walilishughulikia jambo hili mapema. Katika mwongozo wao wa kwanza, wa Novemba 1971, Ken Thompson na Dennis Ritchie waliipa kila amri ukurasa wake, ukianza na jina na maelezo mafupi sana, na ukiwa na sehemu ya kueleza kasoro zinazojulikana. Hadi leo amri ya man -k hutafuta katika majina na maelezo hayo mafupi peke yake, bila kugusa ukurasa uliobaki. Kwa hiyo mstari ule mmoja ndio unaoamua kama ukurasa mzima utaonekana au utabaki gizani, na ndiyo maana ninaona kwamba unastahili kufikiriwa kuliko aya yoyote inayoufuata. Katika nyaraka zetu mstari huo uandikwe kwa maneno ya mlalamikaji: seva imegoma, barua haziingii, diski imejaa. Chini yake yawekwe maneno ya kosa kama yanavyotokea kwenye skrini, herufi kwa herufi, hata yakiwa ya Kiingereza, kwa sababu ndiyo ambayo mtu atayanakili na kuyatafuta.

Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna jambo jingine la kuangalia, nalo halizungumzwi vya kutosha. Mitambo mingi ya kutafuta ilitengenezwa kwanza kwa Kiingereza, na kanuni kama zile alizozitangaza Martin Porter mwaka 1980 hukata miisho ya maneno ili kufikia shina. Neno letu hubadilika mwanzoni pia. Mmoja ameandika "ilipojaa", mwingine "zikijaa", nami ninatafuta "imejaa". Mtambo unaolinganisha maneno mazima utanijibu kwamba hakuna kitu. Nikitumia grep, amri inayotafuta herufi popote zilipo ndani ya faili, kutafuta "jaa" nitayapata yote, pamoja na "hajaandika" na "njaa", lakini takataka hizo ni afadhali kuliko ukimya. Palipo na hifadhidata ya PostgreSQL, kiongezo cha pg_trgm, ambacho huyagawa maneno katika vipande vya herufi tatu, kinakifaa Kiswahili kuliko ukataji wa miisho, kwa kuwa hakijali kiambishi kimekaa wapi.

Kila waraka pia uwe na tarehe ya mara ya mwisho ulipojaribiwa, na nenosiri lisiandikwe humo kamwe. Zaidi ya yote, nakala isikae kwenye seva ileile inayoelezwa. Umeme ukikatika na seva isiporudi, waraka wa kuiwasha uliofungiwa ndani yake hauna msaada kwa yeyote, na kwa hiyo taratibu za kuwasha mitambo yetu sasa zimechapishwa kwenye karatasi na kutundikwa ndani ya mlango wa chumba cha seva.

Waraka wa mzee nimeubadilisha kichwa kwa idhini yake. Sasa unaitwa "Seva inasema diski imejaa lakini nafasi ipo". Kichwa cha zamani nimekiacha katika mstari wa pili, kwa sababu wapo wenzetu waliofanya kazi naye ambao bado wanaukumbuka kwa jina hilo.